Neno "run" lina maana ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojifunza Kiingereza Tanga

Ukurasa huu ni wa wanaojifunza Kiingereza hapa Tanga: wanafunzi wa sekondari, vijana wanaowaongoza wageni mapangoni Amboni, makarani wa bandarini, na wazazi wanaowasaidia watoto kazi za nyumbani. Maswali yote yanahusu kitenzi kimoja kifupi. Nimekichagua kwa sababu kinawasumbua wanafunzi wangu kuliko vingine, na anayekielewa vizuri huanza kuvielewa hata ndugu zake: "get", "take", "set" na "go".

Tangu shule ya msingi nimeambiwa "run" ni kukimbia. Nilifundishwa vibaya?

Hapana. Kukimbia ni maana yake ya kweli, na "The children are running to school" ni watoto wanaokimbia kwenda shule. Tabu inaanza unapokutana na sentensi kama hizi: "The tap is running." "My nose is running." "She runs a guest house in Raskazone." "The contract runs for two years." Ukiingiza kukimbia humo, unapata bomba linalokimbia, pua inayokimbia, mama anayekimbia nyumba yake ya wageni, na mkataba unaokimbia miaka miwili. Maana halisi ni kwamba bomba linatoa maji, mafua yanatiririka, mama anaendesha nyumba ya wageni, na mkataba ni wa miaka miwili.

Wengi hukata tamaa hapo na kusema Kiingereza hakina mpangilio. Mimi huwaomba watazame kwanza lugha yao wenyewe. Mtu wa Tanga anapiga simu, anapiga pasi, anapiga mswaki, anapiga deki, anapiga picha, anapiga kura, anapiga hodi, anapiga mbizi, anapiga magoti. Mgeni aliyejifunza kwamba kupiga ni kuchapa atapotea katika kila moja ya hizo. Sisi hatupotei kwa sababu hatulisikii "piga" peke yake. Tunasikia "piga pasi" kwa pamoja, na akili inakwenda moja kwa moja kwenye nguo. Uwezo huo unao tayari. Unachotakiwa ni kuuhamishia kwenye Kiingereza: usijifunze "run", jifunze "run a shop", "run out of sugar", "run into a friend", kila moja kama kitu kizima.

Kwa hakika lina maana ngapi?

Watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford, ile inayofuatilia historia ya kila neno la Kiingereza, walipolipitia upya kitenzi hiki walifikisha maana 645 kwa kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la 1989 lilipewa maana 430.

Usiogope tarakimu hizo. Nyingi ni maana za kale, au za ufundi fulani ambao hutakutana nao, au tofauti ndogo sana kati ya matumizi mawili. Mtu anayezijua maana 30 hivi na kuzitumia bila kusita anaweza kusoma gazeti la Kiingereza na kufanya kazi ofisini.

Kwa nini neno moja libebe mizigo yote hiyo?

Kwa sababu tangu mwanzo halikuwa la miguu peke yake. Katika Kiingereza cha kale lilitumika kwa mtu anayekimbia na pia kwa maji yanayotiririka, na maneno ya mabaharia wa kaskazini waliohamia Uingereza yaliliongezea nguvu. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiingereza, mpaka leo wana maneno mawili yanayofanana: "rennen" kwa kukimbia na "rinnen" kwa kutiririka. Kiingereza kilibaki na moja kwa kazi zote mbili.

Kutoka kwenye maji mengine yanafuata. Kinachotiririka kinaendelea bila kukatika, kwa hiyo mashine inayofanya kazi nayo "runs", mkataba unaoendelea "runs", na filamu inayoonyeshwa kwa wiki tatu "runs". Kinachotiririka kina njia yake, kwa hiyo barabara, reli na mpaka navyo "run". Na anayekifanya kitu kiendelee, "he runs it". Ukishika picha hiyo ya mto, maana nyingi zinajieleza zenyewe. Si zote, lakini nyingi.

Nitajuaje ni maana ipi kati ya hizo?

Tazama pande mbili za neno: nani yuko kabla yake, na nini kiko baada yake.

Kabla yake akiwa mtu au mnyama, na baada yake hakuna kitu au kuna mahali, mara nyingi ni kukimbia: "He ran to the ferry." Kabla yake kikiwa kimiminika au kitu kinachotoa kimiminika, ni kutiririka: "The Mkulumuzi runs below the caves", sentensi ambayo kila anayeongoza wageni Amboni anaihitaji. Kikiwa chombo au mashine, ni kufanya kazi. Kikiwa barabara, ukuta au waya, ni kupita mahali fulani. Mtu akiwa kabla na shughuli ikafuata moja kwa moja bila kiunganishi, kama duka, shule, shamba au mradi, ni kusimamia.

Kinachobaki ni vijineno kama "out", "into", "over", "down" na "up", na hivyo nimevipa maswali yake hapa chini.

Je, "run" ikifuatwa na kitu, niandike "kuendesha" kila mara?

Ni jibu zuri la kuanzia, na kuna sababu ya kisarufi. Kiswahili hubadilisha umbo la kitenzi pale mtu anapokifanya kitu kitende: enda huwa endesha, kimbia huwa kimbiza, pita huwa pitisha. Kiingereza hakibadilishi chochote. "The shop runs well" na "She runs the shop" zina kitenzi kilekile, na wewe ndiye unayepaswa kuongeza ile "-esha" kichwani.

Hata hivyo kuna mahali "endesha" itakupoteza. "To run a car" si kuendesha gari. Kuendesha gari ni "drive". Anayesema "I can't afford to run a car" anasema hawezi kumudu mafuta, matengenezo na bima. "She is running a temperature" ni kwamba ana homa. "You are running a risk" ni kwamba unajiweka hatarini. "Run a bath" ni kufungulia maji ya kuoga. "The newspaper ran the story" ni gazeti kuichapisha habari. "He is running an errand for his aunt" ni shangazi amemtuma. "Can you run me to the bus stand?" ni kuomba lifti hadi stendi. Kwa kompyuta, kuendesha programu inafaa kabisa.

Barabara imelala pale pale. Kwa nini Mwingereza aseme "the road runs"?

Kiswahili nacho hufanya hivyo. Tunasema barabara inapita Muheza, inaelekea Korogwe, inakwenda hadi Segera, wakati lami haijasogea hata hatua moja. Jicho ndilo linalosafiri.

Mifano ya hapa kwetu ipo mizuri. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, na unaweza kusema "The railway runs from Tanga through Muheza and Korogwe to Moshi." Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda lina urefu wa kilomita 1,443: "The pipeline runs from Hoima to Chongoleani." Mto nao: "The Pangani runs into the Indian Ocean."

Angalia wakati uliotumika. Kwa vitu vilivyojengwa na kubaki pale pale tunaandika "runs", si "is running". "The road is running to Korogwe" itamshangaza msomaji. Lakini basi, ambalo kweli linakwenda, linaweza kupata zote mbili: "The bus runs every day" ni ratiba yake, na "The bus is running late" ni kwamba leo limechelewa. Kosa hili nalisahihisha mara nyingi katika insha, na mwanafunzi akishaelewa sababu yake halirudii.

Nafanya kazi bandarini. Ni matumizi gani nitakayokutana nayo?

Bahari ina hazina yake, na watu wa pwani mna bahati, kwa sababu Kiswahili cha vyombo ni tajiri kiasi cha kukupa neno sahihi karibu kila mara.

"To run aground" ni chombo kupanda mwamba au kukwama kwenye fungu la mchanga. Kitenzi hiki hufanya kazi kwa namna mbili: "The dhow ran aground" ni jahazi limepanda mwamba, na "The captain ran her aground" ni nahodha ndiye aliyelipandisha. Katika ripoti ya ajali tofauti hiyo ni kubwa, kwa hiyo soma kwa makini. Pia utaona meli ikiitwa "her". Ni desturi ya mabaharia wa Kiingereza.

"To run before the wind" ni kwenda na upepo wa tezi, yaani upepo unaosukuma kutoka nyuma. Usitafsiri kuwa ni kuukimbia upepo. Upepo wa omo, unaokuja usoni mwa chombo, hautumii "run" kabisa.

"To run goods" katika maandishi ya zamani, na "gun-running" hadi leo, ni kupitisha vitu kwa magendo. "The tide is running" ni maji yanapojaa au kupwa kwa nguvu. Husemwa hasa mkondo unaposukuma chombo. Na "a rope runs through a block" ni kamba inapopita katika kapi bila kukwama.

Tofauti ya "run out" na "run out of" ni nini? Nachanganya kila mara.

Hili ni swali zuri, na jibu lake liko tayari katika Kiswahili. Sisi tuna kuisha na kuishiwa. Sukari imeisha, mimi nimeishiwa sukari. Kiingereza hufuata mgawanyo huohuo.

Kitu kikitangulia: "The sugar has run out." Sukari imeisha.

Mtu akitangulia: "We have run out of sugar." Tumeishiwa sukari.

Ukitaka kuandika kuishiwa, weka "of". Ukitaka kuisha, usiiweke. Kanuni hiyo inatosha kwa muda, fedha, mafuta, uvumilivu na salio la simu. "Time is running out" ni muda unayoyoma. Na kama ni mtu aliyetoka mbio nje ya nyumba, "He ran out of the house", msomaji ataelewa kwa sababu nyumba haiishi.

Na "run into", "run over", "run down", "run up"?

Kila kimoja kina maana zaidi ya moja, na lazima kisomwe pamoja na jirani zake.

"I ran into my old teacher at Ngamiani market" ni kwamba nilikutana naye bila kutarajia, hakuna aliyeumia. "The lorry ran into the wall" ni lori limegonga ukuta. "The cost runs into millions" ni gharama inafika mamilioni. "We ran into difficulties" ni tulikumbana na matatizo.

"Run over" ni ya kuangalia zaidi, kwa kuwa inahusu ajali. "The car ran over a goat" ni gari limemkanyaga mbuzi, yaani limepita juu yake. Lakini "The meeting ran over" ni kikao kimepitiliza muda, na "The bucket ran over" ni ndoo imefurika.

"Run down" ni kuchakaa au kuchoka: "a run-down house", nyumba iliyochakaa, "I feel run down", mwili umeniishia nguvu. "He is always running his neighbours down" ni huyo anayewasema vibaya majirani. "Run up" ni kulimbikiza deni, kupandisha bendera, au kushona nguo haraka haraka, fundi wa cherehani anayeambiwa "Can you run up a dress by Friday?" ajue anaombwa kuharakisha.

Vingine kwa kifupi: "run away" ni kutoroka, "run through" ni kupitia jambo kwa haraka, "run off ten copies" ni kutoa nakala kumi, "run it by the headteacher" ni kumwonyesha mwalimu mkuu kwanza upate maoni yake.

Kanga yangu imechuja. Ni "run" pia?

Ndiyo. "The colour has run." Rangi ndiyo inayotangulia. Kwenye soksi ndefu za kike, uzi ukifumuka na kuacha mstari, Wamarekani husema "a run", ilhali Waingereza husema "a ladder".

Wagombea wa uchaguzi: "run" au "stand"?

Kugombea, Mmarekani husema "run for president" na Mwingereza husema "stand for Parliament". Siku hizi magazeti mengi hutumia "run" bila kujali asili yake, na zote mbili zinaeleweka. Katika insha moja chagua mojawapo ushikamane nayo. Mgombea mwenza ni "running mate" kote.

"A run on the bank" ni nini? Nimeliona kwenye kitabu cha biashara.

Ni wateja wengi kukimbilia benki kwa wakati mmoja kutoa fedha zao, kwa hofu kwamba benki itafilisika. Hofu hiyo yenyewe inaweza kuiangusha benki iliyokuwa hai, kwa kuwa hakuna benki inayoweka fedha zote za wateja kwenye kasiki. Sehemu kubwa imekopeshwa. Septemba 2007 watu wa Uingereza walipanga foleni nje ya matawi ya benki ya Northern Rock, na hali kama hiyo ilikuwa haijaonekana nchini mwao kwa zaidi ya miaka 100. Mwalimu wa biashara akikuuliza, eleza sababu hiyo ya fedha kukopeshwa. Ndiyo kiini cha jibu.

Nomino "a run" ina maana gani nyingine?

"Go for a run" ni kwenda kufanya mazoezi ya kukimbia. "A run of bad luck" ni mikosi iliyofuatana, na kwa njia hiyohiyo "three days running" ni siku tatu mfululizo. "In the long run" ni hatimaye, ukitazama mbali. "On the run" ni mtu anayewakimbia polisi. "A dry run" ni jaribio kabla ya shughuli yenyewe. "A chicken run" ni uzio wa kuku. Katika kriketi "a run" ni alama.

"The runs" ni kuharisha. Kiswahili cha mtaani kinasema anaendesha, kwa hiyo lugha hizi mbili zimekutana hapo bila kuambizana. Ni lugha ya kawaida ya nyumbani. Kwa daktari au kwenye maandishi tumia "diarrhoea".

Nikisema "I have ran", kuna ubaya gani?

Ni kosa, na wasahihishaji hulikata. Umbo ni "run, ran, run": leo, jana, na baada ya "have". Kwa hiyo "I run every morning", "I ran yesterday", "I have run five kilometres". Ukiongeza "-ing" au "-er", rudufu herufi n: "running", "runner".

Ugumu wetu uko masikioni. Kiswahili kina "a" moja, kwa hiyo "run" na "ran" zote hutoka mdomoni mwetu zikiwa sawa. Kwa "ran", shusha taya na usukume ulimi mbele. Kwa "run", fungua mdomo kidogo tu, ulimi ukiwa umetulia katikati, na sauti iwe fupi. Jizoeze kwa jozi: "cup" na "cap", "hut" na "hat", "run" na "ran". Mazoezi ya sauti yanahitaji mtu wa kukusikiliza, kwa hiyo tafuta mwenzako mmoja asome huku wewe ukionyesha ni ipi.

Kuna methali ya Kiingereza yenye neno hili?

Ipo maarufu: "Still waters run deep." Husemwa kwa mtu mkimya ambaye ndani yake kuna mengi. Sisi tuna "Kimya kingi kina mshindo mkuu", na zinakaribiana, ingawa ya kwetu inaonya zaidi kuliko ya kwao. Pia "It runs in the family", ambayo ni tabia, kipaji au ugonjwa ulio katika ukoo.

Chaji ya simu inapoelekea kuisha niseme "running low" au "running lowly"?

"My battery is running low." Baada ya "run" ya namna hii huja kivumishi, si kielezi, kwa kuwa neno hilo linaeleza hali ya betri, si namna inavyokwenda. Ndivyo ilivyo katika "The well has run dry", kisima kimekauka. "We are running short of chalk", chaki zinatupungukia. "Feelings ran high", watu walipandwa na hisia. "The goats are running wild", mbuzi wanazurura ovyo bila mchungaji. Chaji ikiisha kabisa, sema "My phone has run out of charge". Wengi husema "My phone has died", na hiyo nayo ni sahihi katika mazungumzo.